Kelele katika kikuza cha awali cha maikrofoni

Kelele katika kikuza cha awali cha maikrofoni ni mchakacho wa umeme usiotokana na sauti inayorekodiwa, bali huzaliwa ndani ya saketi yenyewe. Chanzo chake kikuu ni mtikisiko wa elektroni ndani ya rezista kutokana na joto, ambao John B. Johnson aliupima na Harry Nyquist akaueleza kinadharia mwaka 1928, wote wawili wakiwa wazaliwa wa Uswidi waliofanya kazi Marekani.

Katika maikrofoni ya kondensa, utando na bamba lililo nyuma yake huwa kapasita ya takriban pikofaradi 50, nayo rezista ya kuingilia huwa ya gigaomu 1 au zaidi. Ingawa rezista kubwa huzalisha kelele kubwa zaidi, kapasita hiyo huidhoofisha kuanzia masafa ya hezi 3 hivi kwenda juu, kwa hiyo sehemu kubwa yake hubaki chini ya hezi 20, mahali ambapo sikio la binadamu halisikii.

Transista ya kwanza huwekwa karibu kabisa na utando, ndani ya kasha la chuma linalozuia mvumo wa nyaya za umeme. Unyevu au alama ya kidole juu ya rezista hupitisha umeme na kurudisha kelele kwenye masafa yanayosikika. Kwa sababu hiyo, usafi wa saketi una uzito sawa na ubora wa vipuri vyake.