Kamba ya makumbi yafaa kuliko msumari

Misitu ya Meru na Embu, mashariki mwa Mlima Kenya, ina ndege wasiojichongea tundu. Hudihudi na baadhi ya bundi hutaga kwenye mashimo waliyoyakuta. Miti mizee ikikatwa, sanduku la mbao huwasitiri. Swali ni utalifunga kwa nini.

Msumari na waya: Msumari hubaki mtini, gome likaufunika, na miaka mingi baadaye ukavunja meno ya msumeno. Kwa muuru, mti wa asili wa huko wenye mbao ya thamani, hiyo ni hasara. Waya ukizungushiwa shina hulikaba kadiri linavyonenepa, hadi chakula cha mti hakishuki.

Nailoni: Haiozi. Jua huichambua nyuzi, ndege wakazibeba kiotani, zikawanasa makinda miguu.

Mkonge: Una nguvu na hupatikana kwa urahisi, lakini unyevu huuozesha mapema. Naupendekeza kwa nyanda kavu za Mbeere.

Makumbi: Hustahimili maji. Wazee wetu wa pwani walishona mitepe kwa kamba hii na vigingi vya mti, bila msumari wa chuma. Kwa misitu ya juu yenye mvua nyingi, mimi ningechagua makumbi, na viungo vya sanduku ningevishika kwa vijiti vya mbao ngumu.

Namna ya kufunga: Pitisha kamba juu ya tawi nene lililo hai, usilizungushie shina. Tandika kipande cha gunia la katani chini yake isichubue gome. Ncha isifike ardhini, mchwa wasipate njia. Kinachooza kitaoza, kwa hiyo kague kabla ya mvua za Machi na za Oktoba, na ubadilishe kamba sanduku likiwa tupu. Sikiliza kwanza, huenda nyuki wamehamia. Wafugaji wa Mbeere na Tharaka wanaotundika mizinga ya magogo wana hesabu hiyohiyo: kamba ikikatika, asali na kundi vyote chini. Ndani ya msitu wa serikali, omba ruhusa ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS.

Nasi wa Kilifi na Kwale tunachoma makumbi uani, huku wenzetu wa bara wakinunua nailoni. Kusokota kamba ni kazi tuliyorithi. Soko lake halikomei baharini.