Mji wa Kale wa Mombasa na Ardhi Yetu ya Isinya



Nchi hii ya Kaputiei zamani ilikuwa malisho ya wote. Leo sengenge zaonekana kila upande. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, na tangu hapo vipande vingi vimeuzwa. Kwa kuwa Isinya nayo inakua kuwa mji, yafaa tuutazame mji mmoja mkongwe, tujue ni kitu gani kilichoutunza: Mji wa Kale wa Mombasa.

Wengi huuita mji wa Waarabu. Hayo ni kweli, lakini si kweli yote. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliwakuta Waislamu wenye misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri. Wareno walianza kujenga ngome ya Fort Jesus mwaka 1593. Waarabu wa Oman waliizingira tangu Machi 1696, wakaitwaa Desemba 1698. Kisha Mazrui wakatawala, hata Sayyid Said bin Sultan alipowaondoa mwaka 1837. Waarabu, Waswahili wa Thenashara Taifa, Wabaluchi na Wahindi wakakaa pamoja, katika nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye boriti za mikoko, milango ya nakshi na baraza za kupokelea wageni.

Tawala hizo zote zimepita, lakini misikiti ya kale ingali ikisaliwa. Sababu moja ni wakfu. Mwenye nyumba au shamba aliweza kulitoa kwa ajili ya Mungu. Tangu siku hiyo haliuzwi, halitolewi zawadi, wala halirithiwi. Kodi yake hutengeneza msikiti au husaidia maskini. Nyumba zisizo na kinga hiyo, baadhi zimeuzwa na kubomolewa, na maghorofa yakasimama mahali pake.

Si lazima sote tuifuate sheria ya dini hiyo, lakini hekima yake yatufaa. Kabla viwanja havijaisha, hapana budi tutenge visima, mapito ya mifugo, soko, makaburi na uwanja wa shule, navyo viandikishwe kuwa mali ya umma, asiweze mtu mmoja kuviuza. Twawaomba wazee walitie neno hili katika shauri la mkutano mkuu, maana ardhi ikishauzwa, kuirudisha ni taabu kubwa.