Thenashara Taifa: baraza la kisiwa lililoishi kwa nguvu za bara

Mombasa ya zamani haikuwa na mfalme aliyeamua peke yake. Hata ukoo wa Wamazrui ulipokaa Ngome ya Yesu kama maliwali katika karne ya 18, neno lao halikupita mjini mpaka wazee wa Thenashara Taifa wawe wamelikubali. Mataifa hayo kumi na mawili yalikuwa pande mbili. Tisa Taifa walikuwa Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wapaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa. Thalatha Taifa walikuwa Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Kila upande ulikuwa na wazee wake, na juu yao kiongozi aliyekuja kuitwa tamim.

Yasome majina hayo tena. Mengi ni ya watu waliohamia kisiwani, na baadhi yametoka papa hapa ng'ambo: Changamwe, Jomvu, Mtwapa upande wa Kisauni. Masimulizi ya Wakilindini na Watangana nayo yanapita Likoni. Kwa hiyo baraza hili, ambalo vitabu hulieleza kama jambo la Mji wa Kale, lilikuwa na mizizi bara, na huko ndiko lilikopata chakula, bidhaa na wapiganaji.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Thalatha Taifa walikuwa na ahadi na Wadigo na Waduruma. Tisa Taifa walishikamana na Wamijikenda wa kaskazini, na Wajomvu hasa walikuwa jirani wa Warabai. Mzee wa Kidigo akivuka na mtama, sandarusi au pembe, alifikia kwa mwenyeji wake wa taifa. Huyo alimpa malazi, akamsimamia kwenye biashara, akamsemea mbele ya liwali. Mgeni alirudi kwao na nguo ya heshima, na mwenyeji alibaki na fungu lake. Kulipozuka vita, njia hiyohiyo ilileta mishale. Mzee asiye na watu ng'ambo alikuwa na sauti ndogo barazani, hata nasaba yake ikiwa ndefu namna gani.

Basi ugomvi wa pande hizo mbili, Tisa na Thalatha Taifa, haukuwa wa majivuno tu, ingawa majivuno hayakukosekana (Mombasa bila tambo si Mombasa). Ulikuwa ugomvi wa nani anashika njia ya bara. Wamazrui walilijua hilo, wakajifanya wasuluhishi, na kwa maoni yangu utawala wao ulidumu kwa sababu hiyo zaidi kuliko kwa mizinga ya ngome. Liwali wao Muhammad bin Uthman alipouawa kwa hila ya Ahmed bin Said wa Oman, mwaka 1746 hivi, ndugu yake Ali alitoroka, akajikusanyia watu wa mji na wa bara, akairudisha ngome.

Silaha hiyo ya kuungwa mkono na watu iliwageukia mnamo 1837. Wamazrui walikuwa wamegombana wenyewe kwa wenyewe, na baadhi ya wakubwa wa mji, Wakilindini miongoni mwao, walikwishaelekea kwa Seyyid Said wa Zanzibar. Ngome iliyomshinda kwa vita ikafunguka kwa mazungumzo. Muyaka bin Haji, malenga aliyewapigia debe Wamazrui miaka yote hiyo, aliishi kuliona anguko lao.

Zanzibar iliwaacha matamim na vyeo vyao, ikapunguza kazi yao. Waingereza, waliotangaza himaya mwaka 1895, walikwenda mbali zaidi. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye ardhi athibitishe dai lake; madai ya mataifa kwamba mashamba ya ng'ambo ni mali ya jumuiya hayakufua dafu. Kilichoingia kwenye daftari ni ardhi ya mtu mmojammoja, na iliyobaki ikawa ya serikali.

Hapo ndipo baraza lilipokufa, kwa kunyang'anywa bara na wala si kwa kushindwa vitani. Tangu hapo ardhi ya ng'ambo iko mikononi mwa serikali: maskwota wa Likoni walipopewa hati za shamba la Waitiki lililoko huko, mwaka 2016, aliyezitoa alikuwa Rais wa Jamhuri, si tamim.