Beseni la Agnes Pockels na vinu vinavyozimwa Ulaya

Mwishoni mwa mwaka 2019, Ulaya ilizima vinu viwili vya nyuklia vya utafiti: Orphée huko Saclay, Ufaransa, mwezi Oktoba, na BER II jijini Berlin mwezi Desemba. Havikuwa vya kufua umeme. Vilitoa nyutroni, chembe zinazowaonyesha wanasayansi yasiyoonekana kwa macho, ukiwamo utando wa lipidi, yaani molekuli za jamii ya mafuta, unaotanda juu ya maji kwa unene wa molekuli moja.

Historia ya utando huo ilipita jikoni kabla ya kufika kwenye vinu. Agnes Pockels wa Braunschweig, Ujerumani, alikuwa akitunza nyumba na kuuguza wazazi. Vyuo vikuu vilikuwa vimewafungia wanawake milango. Aliyekwenda kusoma fizikia ni mdogo wake, Friedrich. Agnes alijaza maji kwenye beseni la bati hadi ukingoni, akalaza ukanda wa bati juu yake, akausogeza ili kuyabana mafuta yaliyotanda, huku akipima mvutano wa uso wa maji kwa kisahani kilichoning'inizwa kwenye mizani. Januari 1891 alimwandikia Lord Rayleigh, mwanafizikia mkubwa wa Uingereza. Rayleigh aliona uzito wa barua ile, akaipeleka kwa jarida la Nature, likaichapisha Machi.

Mmarekani Irving Langmuir aliliboresha beseni hilo, na mwaka 1932 akapata Tuzo ya Nobel. Hadi leo maabara huliita beseni la Langmuir, na hiyo ni dhuluma. Mwaka huohuo chuo kikuu cha Braunschweig kilimpa Agnes udaktari wa heshima, akiwa na miaka 70. Ni mwaka huohuo pia ambapo mwanafizikia James Chadwick aligundua nyutroni.

Miaka ya 1980, katika kituo cha ISIS, Oxfordshire, nyutroni zilianza kurushwa kwa pembe ndogo juu ya beseni la namna hiyo. Maji yakichanganywa na takribani asilimia 8 ya maji mazito (yenye hidrojeni nzito), nyutroni haziyatofautishi na hewa. Zinazorudi zimeakisiwa na utando peke yake, nazo hueleza unene wake na mpangilio wa molekuli. Mapafu yetu yana utando wa jamii hiyo, na mtoto njiti akiukosa hushindwa kupumua.

Kinu cha Grenoble, Ufaransa, kilichowashwa mwaka 1971, bado kinabeba mzigo mkubwa wa kazi hii, huku ujenzi wa kituo kipya cha nyutroni cha Lund, Sweden, ulioanza mwaka 2014, ukijikokota. Serikali za Ulaya zisikizime cha Grenoble kabla cha Lund hakijashika kazi.