Mpanda: Lami Iliyoisubiri Ndege

Ukitaka kuuelewa uwanja wa ndege wa Mpanda, anza na risasi. Nasema madini, si ya bunduki. Enzi za mkoloni kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba risasi hapa, na mawe yale hayabebeki kichwani. Mwingereza akatandika reli ya kilomita 210 kutoka Kaliua, tawi la Reli ya Kati, ikafika Mpanda mwaka 1950. Miaka 10 baadaye mgodi ukafungwa. Reli ikabaki, na watu wakabaki nayo. Kwa miongo kadhaa, mtu wa Mpanda mwenye safari ya Tabora alikesha ndani ya behewa. Masika barabara ya udongo ikiharibika, hakuwa na la kuchagua.

Mji huu ulikuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa, na makao makuu ya mkoa yalikuwa mbali, Sumbawanga. Mwaka 2012 Katavi ikawa mkoa, Mpanda ikawa makao makuu yake. Uwanja wa ndege nao ulipata lami katika zama za Waziri Mkuu Mizengo Pinda, mwana wa Katavi, aliyeshika wadhifa huo kuanzia 2008 hadi 2015. Wapo watakaosema mkubwa alikumbuka kwao. Na waseme; mji ulio mwisho wa reli ulistahili kukumbukwa na mtu.

Ila hapa mambo yalipinduka. Reli ililetwa na mzigo uliokuwa tayari unangoja. Lami ya uwanja ilitangulia, ikakaa kuisubiri ndege. Shirika la ndege la taifa lilikuwa hoi. Lilianza kufufuliwa mwaka 2016 zilipowasili Bombardier Q400, na baadaye Mpanda ikaingia kwenye ratiba ya Air Tanzania. Ndege hiyo ya panga boi hubeba abiria 76 na haihitaji uwanja mrefu kama wa ndege kubwa za jeti, nayo ndiyo inayoufaa mji wa namna hii. Mgonjwa wa rufaa, mtumishi aliyeitwa Dodoma, mfanyabiashara mwenye haraka: hao ndio wateja wake.

Watalii je? Wengi wao hawauoni mji. Hifadhi ya Katavi, yenye kilomita za mraba 4,471, ina kiwanja chake kidogo huko Ikuu. Vindege vya kukodi huwashusha palepale, karibu na viboko wa mto Katuma, kisha huwarudisha walikotoka bila hata kunywa chai Mpanda. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo hasara kubwa ya uwanja huu, nayo haitibiki kwa kuongeza lami.

Nawe ukisafiri kwa ndege kwenda huko, usishtuke ukiangalia lebo ya begi lako: Mpanda huandikwa NPY.