Mganga si Mchawi: Neno Moja na Sheria za Mkoloni

Wanachama kadhaa wa chama chetu tunaishi Crescent Town, kwenye maghorofa yaliyo karibu na kituo cha treni cha Victoria Park. Wazee wa Afrika Mashariki wanaoishi huku hutuomba mara kwa mara tuwasindikize kwa daktari ili tuwatafsirie. Majira ya baridi yaliyopita mmoja wetu alikwenda na bibi mwenye ugonjwa wa kisukari. Daktari akauliza kama kuna dawa nyingine anayotumia. Bibi akajibu bila kusita: "Hapana." Walipofika nje akamnong'oneza mwenzetu: "Mjukuu wangu, ya mganga hayasemwi mbele ya daktari." Kumbe kila asubuhi alikuwa anakunywa maji ya majani ya mwarobaini, aliyoletewa kutoka nyumbani.

Jambo hilo si dogo. Mwarobaini unaweza kushusha sukari mwilini, na vidonge vya daktari navyo vinashusha sukari. Anayetumia vyote viwili kwa siri anaweza kuanguka. Ndiyo maana tulipokutana tulijiuliza: nani alimfundisha bibi kuficha? Jibu tulilolipata linarudi nyuma zaidi ya miaka mia moja.

Tuanze na maneno. "Daktari" na "hospitali" yalikuja na Wazungu. "Tabibu" na "dawa" yalitoka kwa Waarabu. "Mganga" ni neno la Kibantu, na ndugu zake wanasikika hadi Kongo. Hata mwarobaini wenyewe, unaosifiwa kuponya maradhi arobaini, asili yake ni Bara Hindi. Kwa hiyo tiba ya pwani haikuwahi kujifungia ndani. Ilipokea kila kilichofaa. Lakini katika mchanganyiko huo wote, mpaka mmoja ulikuwa wazi: uganga huponya, uchawi hudhuru. Mtu aliyerogwa alikwenda kwa mganga ili aokolewe na mchawi.

Mkoloni hakuuona mpaka huo, au aliuona akaupuuza. Sababu moja ilikuwa hofu. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji yaliyoaminiwa kuwa ni dawa ya kuzuia risasi, na dawa hiyo iliunganisha watu wa makabila mengi dhidi ya Wajerumani. Alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini Vita vya Majimaji viliendelea hadi 1907. Idadi ya waliokufa inakadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa. Tangu hapo serikali ilijua kwamba mganga anaweza kuwa kiongozi, na kwamba watu wanaomwamini kwa miili yao wanaweza pia kumfuata vitani.

Waingereza walipotawala walitumia sheria. Nchini Kenya ilitungwa sheria ya uchawi ya mwaka 1925, na Tanganyika ile ya mwaka 1928. Ile ya Tanganyika ilihesabu kuwa uchawi hata madai tu ya kuwa na elimu ya siri. Ni kweli kwamba mitishamba ilivumiliwa ilimradi isihatarishe maisha. Lakini tazama maana yake: jani liliruhusiwa, elimu iliyolichuma jani ikatiliwa shaka. Mganga haponyi kwa jani peke yake. Huuliza umegombana na nani, nani amefiwa, deni gani halijalipwa. Huwaita ndugu wakae pamoja na mgonjwa. Kazi hiyo yote iliweza kuitwa uchawi na hakimu asiyejua Kiswahili vizuri, huku akisaidiwa na lile neno la Kiingereza linalomfunga mchawi na tabibu kamba moja.

Tusidhani kwamba wazee wetu waliikataa tiba ya kigeni. Miaka ya 1920 sindano za kutibu buba zilipofika vijijini, watu walimiminika wenyewe, kwa sababu waliona vidonda vikikauka. Walipokuwa na shaka, mara nyingi walikuwa na sababu. Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch alijaribu dawa ya atoxyl kwa wagonjwa wa malale katika visiwa vya Sese, Uganda, na baadhi yao wakapofuka. Watu walipima dawa kwa matokeo yake, kama daktari yeyote anavyopaswa kupima. Aliyeponywa na sindano alirudi kwa sindano, na kwa mganga alikwenda vilevile. Alichojifunza ni kutomwambia mmoja habari za mwingine.

Uhuru ulipokuja, lugha ilikuwa imehifadhi kile ambacho sheria ilikidharau. Nchini Tanzania daktari anayeongoza huduma za afya huitwa Mganga Mkuu, na hakuna anayecheka. Mwaka 1974 kilianzishwa kitengo cha utafiti wa tiba asili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho baadaye kilikuwa taasisi huko Muhimbili. Mwaka 2002 Bunge lilipitisha sheria ya tiba asili na tiba mbadala. Hata hivyo sheria ya mwaka 1928 haikufutwa. Mganga wa leo anaishi chini ya sheria mbili, moja ikimtambua na nyingine ikimtilia shaka.

Tunayaandika haya tukiwa Kanada, na hapa pia pana habari yake. Mwaka 1895 serikali ya nchi hii ilipanua marufuku yake dhidi ya sherehe za wenyeji wa asili, zikiwemo ngoma zilizokuwa sala na tiba kwa pamoja. Marufuku hayo yaliondolewa mwaka 1951. Wazee wao nao walijifunza kuficha. Tunaposoma habari zao tunamsikia bibi wa Crescent Town akinong'ona nje ya mlango wa daktari.

Sisi tunaotafsiri tuna sehemu yetu katika jambo hili. Tukimtafsiri mganga kwa lile neno la mahakama za kikoloni, tunakuwa tumemhukumu kabla daktari hajasikia lolote. Tukinyamaza ili kuepusha aibu, tunamwacha bibi na hatari yake. Safari iliyofuata mwenzetu alimwomba ruhusa kwanza. Bibi alifikiri kidogo, akasema, "Haya, mwambie, lakini mwambie vizuri." Mwenzetu akamwambia daktari kwamba bibi ana tabibu wa kwao anayemwamini, akataja mti, akaeleza kiasi na saa anayokunywa. Daktari aliandika yote, akabadilisha kipimo cha vidonge.

Bibi alipotoka alikuwa anatabasamu. Alituuliza kama yule daktari naye angependa kuletewa majani kidogo.