Karishika ya Lufufu

Nosferatu ya F. W. Murnau ilitoka Ujerumani mwaka 1922. Werner Herzog akaitengeneza upya 1979, Robert Eggers 2024, na wenzangu chuoni wakauliza: ya nini tena?

Mimi nilimkumbuka bibi, kwetu Kifungilo. Karishika, filamu ya kutisha ya Nigeria, ilimpita kwa kuwa ilikuwa ya Kiingereza. Kisha ikaja kanda iliyotafsiriwa na Lufufu, yaani Derek Mukandala wa Dar es Salaam. Lufufu hakupiga picha mpya hata moja. Alisimulia, akafafanua, akatania. Bibi akajifunika kanga usoni.

Kurudia filamu kuna maana kunapomfikia mtu ambaye ya kwanza haikumfikia. Kwa bibi, ya Lufufu ndiyo ya kwanza.